Mwezi wa Kibirizi na mwezi wa Game Pass

Juzi dogo mmoja alisimama katikati ya mechi, pedi mkono huu, simu mkono huu, akaniuliza: "Dada, eti Game Pass imefika dola 30?"

Imefika. Game Pass ni huduma ya Microsoft, wenye mashine ya Xbox: unalipa kila mwezi, unacheza magemu mengi unavyotaka. Tarehe 1 Oktoba 2025 kifurushi chake cha juu, Game Pass Ultimate, kilipanda mpaka dola 29.99 kwa mwezi huko Marekani. Siku moja kabla kilikuwa dola 19.99. Hapa Mwanga, Kigoma, sina mteja hata mmoja anayelipia huduma hiyo, na Xbox haijawahi kuingia kwenye banda langu la kuchezesha magemu. Lakini habari hiyo imenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu mwaka 2024 nilifanya jambo lilelile kwa kipimo cha banda lenye runinga nne, na hesabu zake zote ninazo kwenye daftari.

Banda alilianzisha kaka yangu kwa PlayStation 2 (PS2) mbili zilizochipiwa ili zisome CD za kunakili, akaniachia mwaka 2019 alipohamia Kahama. Sasa lina PS3 mbili, PS4 mbili, viti vya plastiki kumi na viwili, feni moja na friji ndogo ya soda. Sheria ni ileile aliyoiweka yeye: mechi moja shilingi 500, aliyefungwa analipa, mshindi anabaki kitini. Dogo mwenye mkono mzuri anaweza kuingia na jero moja akacheza saa mbili bila kuitoa mfukoni.

Mapato ya banda hili hayafuati kalenda ya ukutani. Mama yangu anafanya biashara ya dagaa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, na mimi nimekulia chini ya vichanja vya kuanikia, kwa hiyo hili nalijua kabla sijajua gemu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta juu, wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga unatapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya. Boti zinatulia ufukweni siku kadhaa. Vijana wanashona nyavu, wanalala, kisha wanapanda Mwanga na pesa waliyoipata kwenye giza. Mbalamwezi ikifika, banda linajaa mpaka mlangoni. Giza likirudi, wanabaki wanafunzi na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Kwetu ukisema "kila mwezi", mtu anaweza kutazama juu.

Januari 2024 kijana mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam alifungua banda upande wa pili wa barabara. Ana PS5 moja na PS4 mbili, runinga kubwa, feni mbili. Akaanza kwa mia tatu mechi. Nikashuka mia tatu. Akashuka mia mbili. Kwa mia mbili sikuwa na uhakika wa kununua hata umeme.

Nilimweleza mama, yeye akiwa anachambua dagaa, ananisikiliza bila kuinua kichwa. Akaniambia: "Mwanangu, mimi boti haiuzi kwa mwingine kwa sababu mafuta ya taa nilishayalipa mimi." Ndivyo wanavyofanya Kibirizi. Mfanyabiashara anatanguliza pesa kabla boti haijaingia majini, na mzigo ukija unajua njia ya kwenda. Nikaona nitaligeuza hilo. Mteja atangulize pesa kwangu, halafu miguu yake itajua njia. Nikatengeneza kadi za manila, nikagonga muhuri: shilingi 4,000, wiki nzima, cheza unavyotaka.

Wiki ya kwanza ya Machi niliuza kadi 31. Shilingi 124,000 mkononi kabla sijawasha runinga hata moja. Wiki ya giza ilikuwa haizidi 80,000, na wiki nzuri ya mbalamwezi ilifika kama 170,000, kwa hiyo nilijiona nimepata dawa. Jirani yangu alisimama mlangoni kwake akitazama foleni.

Nina pedi nane. Watu 31 wenye kadi, pedi nane. Waliowahi asubuhi hawakuondoka. Mtu wa jero yake moja akija anakuta viti vimejaa, anavuka barabara. Hilo ningeweza kuliona mapema kama ningepiga hesabu vizuri. Lililonishtua ni mchezo wenyewe.

Kuna kijana wa Gungu tunamwita Fundi. Siku za jero alikuwa na tabia ya kuweka sarafu ya mia tano chini ya paja na kuikalia. Akifungwa bao la kwanza anajisogeza mbele ya kiti. Dakika ya themanini nyuma bao moja, banda zima linasimama nyuma yake, hakuna anayekunywa soda, na akisawazisha utasikia mpaka barabarani. Akishinda anaitoa ile sarafu, anaibusu, anairudisha palepale. Baada ya kupata kadi, Fundi alikuwa akifungwa mawili dakika ya ishirini anabonyeza, anatoka, anaanza mechi upya. Mpinzani wake wala hakasiriki, naye ana kadi. Nilihesabu Jumamosi moja: kwenye runinga ya pili zilianzishwa mechi 22 na zikamalizika 7. Banda lilijaa watu na halikuwa na kelele. Nimesimama kwenye mlango ule miaka mitano, na sijawahi kuona viti vimejaa hivyo na macho yametulia hivyo.

Aprili nikapandisha kadi mpaka 6,000 ili nipunguze msongamano. Waliobaki walikuwa tisa, na wote tisa ni wale wanaokaa tangu asubuhi mpaka nafunga. Wale wa kuja mara mbili kwa wiki, ambao kadi zao ndizo zilizokuwa faida yangu, walipiga hesabu wakaona hailipi. Na wavuvi, ambao ndio pesa ya banda hili, walishaacha kabla. Kadi ya siku saba ukiinunua mwishoni mwa mbalamwezi, siku tatu unacheza, nne uko ziwani usiku na umelala mchana. Mwanzoni mwa Mei niliifuta kadi.

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa likafungwa. Miezi mitatu bila uvuvi, mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Sibishani na sababu. Mama mwenyewe alikuwa akisema kila mwaka dagaa wanapungua. Ila miezi ile mitatu Mwanga yote ilinyamaza. Nilichezesha mechi kwa mia tatu na bado kuna siku nilifunga saa kumi na mbili jioni. Nikawa na muda wa kusoma, na nilichokuwa nasoma kwenye simu ni hizi habari za kampuni za gemu, maana mwezi Julai Microsoft ilitangaza kupandisha bei.

Tazama jinsi bei ilivyotembea. Game Pass ilianza Juni 2017 kwa dola 9.99, na magemu zaidi ya 100 ndani. Mtu mpya aliwahi kuingizwa kwa dola moja mwezi wa kwanza. Januari 2018 wakatangaza kwamba kila gemu la studio zao litaingia humo siku ileile linapotoka dukani. Ultimate ikaja mwaka 2019 kwa 14.99. Mwaka 2023 ikawa 16.99, mwaka 2024 ikawa 19.99, na Oktoba 2025 ikawa 29.99. Februari 2024 walisema wana wanachama milioni 34. Katikati ya ngazi hizo, Oktoba 2023, walikamilisha kuinunua kampuni ya Activision Blizzard, wenye gemu la vita la Call of Duty, mkataba uliotangazwa kuwa wa dola bilioni 68.7. FTC, tume ya Marekani inayosimamia ushindani wa biashara, ilikwenda mahakamani kuuzuia ununuzi huo, ikashindwa. Uingereza ilikataa kwanza, ikakubali baada ya haki za kuyachezesha magemu hayo kwa njia ya wingu, yaani kupitia intaneti bila kuyapakua, kwenda kampuni nyingine, Ubisoft. Bei ilipotangazwa kupanda Julai 2024, FTC iliandikia mahakama ya rufaa kwamba hiyo ndiyo dalili ya kampuni iliyokwishapata nguvu sokoni. Microsoft ilipinga, na Mei 2025 mahakama hiyo ikabaki upande wao.

Sina moyo wa kumlaumu mtu kwa kupandisha bei. Nimepandisha mwenyewe na najua kilichonisukuma. Ukishaahidi "cheza unavyotaka", gharama yako inakua na furaha ya mteja mzito, na mteja mwepesi ndiye anayekulipia pengo mpaka siku atakapoondoka. Jambo ninaloliuliza ni lingine: bei ikipanda na mteja akashindwa, anaondoka na nini mkononi? Wa jero ameshacheza mechi yake. Mwenye CD anayo CD. Mwenye malipo ya mwezi anaondoka mikono mitupu, hata kama amelipa miaka mitano.

Mwaka 2013 ushindani wa hawa watu ulitufikia hata sisi huku, na wengi wetu hatukujua. Microsoft ilipotambulisha Xbox One ilikuwa na mpango kwamba mashine iingie mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na CD iliyotumika isipite mkono kwa mkono bila masharti. Sony, wenye PlayStation, wakapanda jukwaani Los Angeles wakasema PS4 haina mambo hayo, na itauzwa dola 399 wakati mwenzake ni 499. Watu walishangilia. Kabla mwezi wa Juni haujaisha Microsoft ikafuta mpango wake. PS4 yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, mtumba, ikaja Kigoma kwa treni na CD tatu zilizochezwa na mtu nisiyemjua. Ningekuwa nimenunua kasha tupu kama makofi yale yasingepigwa. Lakini jioni ileile ya Los Angeles, Sony waliweka sharti kwamba kucheza mtandaoni kwenye PS4 lazima ulipie huduma yao ya PlayStation Plus, wakati kwenye PS3 ilikuwa bure. Hilo lilipita kimya. Kwa hiyo mlango uliofungwa mbele ulifunguliwa nyuma, na malipo yenyewe yamepanda: Septemba 2023 mwaka mmoja wa Plus ya chini kabisa ulitoka dola 59.99 ukawa 79.99.

Nintendo yeye ana njia yake, dola 19.99 kwa mwaka kwa kucheza mtandaoni, na magemu yake makubwa unayanunua moja moja. Hapa Kigoma sijawahi kushika Switch, mashine yao, kwa hiyo naishia hapo.

Halafu kuna suala la sisi kutokuwemo kabisa. Tanzania haimo kwenye nchi za PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa akaunti na duka la magemu. Watu wengi duniani waligundua ukubwa wa orodha ya wasiokuwemo Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, na gemu likaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Sony ilirudi nyuma kwenye sharti hilo baada ya kelele. Hapa kila mtu anafungua akaunti kana kwamba anaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kadi za kulipia tunanunua kwa watu wa kati. Mwaka 2023 nilinunua akaunti ya Plus ya kuchangia kwa jamaa mmoja wa mtandaoni, shilingi 90,000 kwa mwaka. Miezi mitatu nywila ikabadilishwa, simu yake ikawa haipatikani. Wadogo wawili walikuwa wameshaanza msimu wao, mmoja amefika nusu fainali na timu aliyoijenga mwezi mzima. Waliniangalia mimi, maana akaunti niliileta mimi. Niliwachezesha bure wiki mbili na bado niliona aibu.

Narudi kwa jirani. Yeye alikuwa analipia Plus kwa mwezi, akaunti yake halali, kadi anatumiwa na ndugu yake. Mei ile ziwa lilipofungwa, Plus ilikuwa inatoa gemu la mpira la EA Sports FC 24 bila malipo ya ziada kwa wanachama wake. Akaibandika kwenye ubao kwa herufi nyekundu. Mimi nilikuwa nimeinunua CD yake kwa shilingi 140,000 tangu Novemba, na siku ile nilijiona mjinga. Akachukua wateja wachache waliokuwa wamebaki Mwanga.

Lakini ziwa lilikuwa limefungwa kwake pia. Mwisho wa Julai hakuwa na pesa ya kulipia mwezi mwingine. Magemu ya mwezi ya Plus ni yako maadamu unalipa. Ukiacha yanafungwa, na ukirudi kulipa yanafunguka. Ndiyo masharti, yameandikwa. Agosti mwanzoni nilimwona amekaa nje kwenye kiti cha wateja, mlango uko wazi, ndani kimya. Kwenye PS5 yake gemu lilikuwa na alama ya kufuli. GB zaidi ya 40 zimelala ndani ya mashine, ameshazimalizia bando, ziko palepale, hazichezeki.

Alivuka barabara Jumapili mchana. Hakuwahi kuvuka tangu afungue. Akasalimia, akasimama kidogo, akasema: "Dada, ile CD ya FC 24 unaichezesha saa hizi?"

Nilikuwa na wateja wawili, wote kwenye PS3. Nikabonyeza, CD ikatoka, nikaifuta kwa ncha ya kanga nikampa. Ilikuwa ya PS4 na kwenye PS5 yake inakubali. Jioni nikasikia watu wanapiga kelele za bao upande wa pili wa barabara, na nakiri nilifurahi, kwa sababu nilikuwa sijasikia kelele za bao Mwanga kwa wiki kadhaa.

Ziwa likafunguliwa tarehe 15 Agosti. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, ulikamilika tarehe 19, kwa hiyo boti zilizosubiri miezi mitatu zilianza na mbalamwezi kichwani. Mama alicheka kwa uchungu. Pesa yenyewe ilianza kuonekana mwishoni mwa mwezi.

Tangu hapo hatushindani kwa bei. Wote tuko jero. Yeye hajarudi kulipia Plus, na mimi sijatengeneza kadi. Naona hata wakubwa wameanza kuvuka barabara: Aprili 2025 Forza Horizon 5, gemu la Microsoft, lilitoka kwenye PS5. Sijui watafika wapi. Ila natazama na upande mwingine na kuingiwa na hofu, kwa sababu PS5 Pro ya Novemba 2024 ilitoka kwa dola 699.99 bila sehemu ya kuingizia CD, mpaka uinunue kando, na Xbox Series S tangu mwaka 2020 haina kabisa. Mashine hizo baada ya miaka kadhaa ndizo zitakazokuwa mtumba wa Kariakoo. Zitapakiwa kwenye treni kuja huku, na safari hiyo hakutakuwa na CD tatu za mtu nisiyemjua. Natamani mtu wa Sony au Microsoft anayekaa kikao cha kuamua hayo aone banda moja tu la namna hii siku ya mbalamwezi kabla hajayapitisha.

FC 26 ilitoka mwishoni mwa Septemba 2025. Tumenunua CD moja, ya PS4, mimi nusu na jirani nusu, ikaletwa na kondakta wa basi. Giza tunagawana siku, tatu kwake, nne kwangu, hakuna ugomvi. Mbalamwezi ndiyo ilitugombanisha, kila mmoja anaitaka, mpaka mama akatuamulia tupokezane. Ya tarehe 7 Oktoba ilikuwa kwangu, na Fundi alikaa kitini tangu saa kumi mpaka saa tatu usiku na sarafu moja chini ya paja. Ya Novemba ni ya jirani. Nimeshamwambia Fundi avuke.